Golikipa wangu anadaka mpira wa tenisi kama paka, kwenye mechi anapitwa. Kosa liko kwenye mazoezi au wapi?

#1 Mwalimu wa Vumbini

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha timu ya wasichana ya mpira wa mikono katika shule moja ya sekondari huku bara. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya imekaribia na kuna jambo linaninyima usingizi. Golikipa wangu yupo kidato cha tatu, mrefu, mwepesi, hana uvivu hata chembe. Kila siku nusu saa ya kwanza ni yake peke yake: anasimama kuutazama ukuta, mimi nyuma yake nabamiza mpira wa tenisi ukutani, yeye anaudaka ukirudi. Mkono wa kulia, wa kushoto, mara mipira miwili kwa pamoja. Anadaka kama paka anavyodaka panzi. Wenzake huacha kupasha misuli wakamtazama.

Jumamosi tumecheza mechi ya kirafiki, tumefungwa 21. Nilikuwa na daftari, naandika kila goli limetokea wapi. Tisa yametoka pembeni kabisa, kule kwa winga, mahali ambapo ukisimama mwenyewe unaona mwamba tu. Saba yamepita chini, usawa wa kifundo cha mguu. Yaliyobaki ni ya kawaida, sina neno nayo.

Dai langu: mazoezi ya mpira wa tenisi yanamfundisha golikipa kudaka mpira wa tenisi, basi. Nipingeni, lakini anayepinga aniambie na zoezi la kuweka mahali pake.

#2 Nyavu Kavu

Nimeshakaa mkekani. Kipa ni nusu ya timu kwenye mchezo huu.

#3 Kipa Mstaafu

Mwalimu, nimesimama golini miaka kumi na mmoja kwenye timu ya jeshi, kwa hiyo nina machache ya kusema.

Usiutupe mpira wa tenisi. Unaamsha jicho na mkono, na asubuhi ya baridi hakuna kitu kinachompasha kipa moto kama huo. Ila umeuweka mahali pa mlo wakati wenyewe ni kachumbari. Mpira wa tenisi ukutani hauna bega. Hauna kiwiko, hauna mguu wa kurukia, hauna macho. Golikipa wa mpira wa mikono hadaki mpira, anadaka mkono wa mrushaji. Mpira ukishatoka mkononi kazi yako imeshaisha au imeshaharibika.

Mimi nilifundishwa hivi: mrushaji anasimama mita 8 au 9, anafanya kila kitu, hatua tatu, anaruka, anavuta mkono, ila hana mpira. Kipa anaonyesha kwa kidole kona ambayo mpira ungeenda. Kisha mrushaji anasema alikusudia wapi. Mara hamsini kwa siku. Wiki ya kwanza utapatia kama mtu anayetupa sarafu. Wiki ya nne utaanza kuona kiwiko kikishuka kabla ya shuti la chini, na bega la mbele likifunguka kabla ya shuti la kona ya mbali. Shuti la penalti lina kama sekunde moja hivi kufika, ukisubiri kuuona mpira, wewe umeshachelewa.

#4 Fizikia Tupu

Mzee wangu #3, heshima yako, ila sekunde moja ni nyingi mno. Mpira uliorushwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Kutoka mita 7, pale pa penalti, unafika kwa robo sekunde. Wanaume wa kiwango cha juu wanafika kasi hiyo na kuipita. Wasichana wa sekondari tuseme kilomita 60: hiyo ni mita karibu 17 kwa sekunde, mpira unafika kwa sekunde 0.4.

Sasa jicho la binadamu linahitaji kama sekunde 0.2 kuona jambo na kuuambia mwili uanze kusogea. Bado mwili haujasogea hapo, umeambiwa tu! Kwa hiyo hoja yako inapata nguvu zaidi ya ulivyoiandika. Kwa shuti la mtu mzima huwezi kusubiri mpira. Kwa wasichana wa Mwalimu kuna nafasi kidogo ya kusubiri, na nadhani hapo ndipo kuna jambo la kujadili.

#5 Kipa Mstaafu

Nakubali kusahihishwa. Golini ilikuwa inaonekana sekunde nzima, nilipofungwa ilikuwa dakika.

#6 Dada wa Mita Tisa

Naja upande wa pili, maana mimi ndiye niliyekuwa nawafunga hao makipa. Nilicheza beki wa kushoto, mkono wa kulia; kwenye mchezo huu timu ikishambulia, beki ndiye mrushaji wa kutoka mbali.

Kaka #3, kipa anayesoma mkono ndiye niliyempenda kuliko wote. Namwonyesha kiwiko kinashuka, anakwenda chini, nakunja kifundo cha mkono dakika ya mwisho, mpira unapanda juu kona ileile. Kipa aliyekuwa ananitesa ni yule asiyesogea. Anasimama tu, mikono juu, kama mlango. Unaruka, unamsubiri aanguke, haanguki, na wewe unaanza kushuka chini huku mpira bado uko mkononi. Hapo unarusha popote, mara nyingi tumboni kwake.

Mwalimu, angalia magoli yako saba ya chini. Naweza kuweka dau kwamba mtoto anaondoka mapema. Anakisia, anainua mguu mmoja, uzito wote uko kwenye mguu wa pili, na mguu wenye uzito hausogei. Mrushaji anapiga pale pale kwenye mguu uliobaki chini. Au tobo, katikati ya miguu.

#7 Mwalimu wa Vumbini

Dada #6, umenigusa. Matatu kati ya saba yalikuwa tobo. Nitaangalia kuhusu kuondoka mapema, sikuwa nimewaza hilo. Lakini sasa mnanichanganya: mmoja anasema asome mkono na aende, mwingine anasema asubiri.

#8 Bomba la Kushoto

Mpira mnaotumia mazoezini ni namba ngapi?

#9 Mwalimu wa Vumbini

#8, tunao mmoja mzuri, namba 3, wa timu ya wavulana. Namba 2 inatoka kabatini siku ya mechi ili isiishe.

#10 Bomba la Kushoto

Basi mimi nimeshapata jibu langu. Namba 3 ina mzingo wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa gramu 425 hadi 475. Namba 2 ni sentimita 54 hadi 56, gramu 325 hadi 375. Wasichana wako wakirusha namba 3 hawaushiki vizuri, unakwenda taratibu na unakwenda juu kwa sababu kiganja hakiuzunguki. Golikipa amezoea mpira mzito, wa polepole, wa juu. Siku ya mechi anakutana na mpira mwepesi unaoshikika, unaokwenda chini kwa kasi. Mwalimu, usitafute mchawi. Toa namba 2 kabatini.

#11 Fizikia Tupu

#10, hiyo ni hoja nzito kuliko gramu 475.

#12 Chake Chake Kwetu

Assalaam alaykum. Mimi naomba muache ya mkono kidogo, mrudi kwenye yale magoli tisa ya pembeni, kwani hayo ndiyo mengi.

Goli la pembeni si suala la wepesi hata kidogo. Ni suala la kujua umesimama wapi. Sisi skuli tulikuwa na mwalimu mmoja, Mungu amrehemu, alikuja na kamba ya kuanikia nguo. Anafunga ncha moja kwenye mwamba wa kushoto wa goli, ncha nyengine mwamba wa kulia, katikati ya kamba anaishika yeye mkononi mwake. Anakwenda kusimama pahala pa winga. Kamba inafanya pembe. "Haya, ingia ndani ya kamba." Unaingia, unaona mwenyewe: ukisimama katikati ya goli kama ulivyozoea, kamba yote ya upande wa karibu iko wazi, na upande wa pili umeziba pahala ambapo hapana hata haja ya kuziba. Unasogea kwenye mwamba wa karibu, unapanda hatua moja mbele, mkono wa upande wa mwamba juu kabisa, na sasa kamba zote mbili zinakugusa mabega. Hapo goli limekwisha. Winga hana pahala ila akupige kanzu, mpira upite juu ya kichwa chako, au akuzungushie mpira mwamba wa mbali.

Kisha mwalimu anatembea na kamba. Winga, beki wa kushoto, katikati, beki wa kulia, winga wa pili. Wewe unakwenda naye kwa hatua fupi fupi, miguu haipishani, unajisikia kamba mabegani. Mara kumi kwenda, kumi kurudi. Baadae anafungua kamba, anasema sasa fanya bila ya kamba. Mwili unaikumbuka. Mimi leo nina watoto wanne na kamba ile bado naisikia.

#13 Nyavu Kavu

Shekhe #12, nimesoma mara mbili. Hili la kamba sijawahi kuliona na nimecheza miaka sita. Asante.

#14 Fizikia Tupu

Naongeza hesabu kwenye kamba ya #12, maana ni nzuri sana. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mrushaji akiwa mita 7 katikati, kipa akisimama mstarini analinda mita 3 zote. Akisogea mita 1 mbele, upana wa kamba pale aliposimama ni kama mita 2.57. Akienda hadi mstari mdogo wa mita 4, amebakiza mita 3 kumfikia mrushaji, na upana umebaki mita 1.29 tu. Mtu aliyenyoosha mikono anaziba huo wote.

Ubaya wake: kadiri unavyosogea, muda unapungua, na juu ya kichwa chako kunakuwa na uwanja wa ndege.

#15 Dada wa Mita Tisa

Huo uwanja wa ndege nimeutumia sana. Penalti, kipa anatoka mbio, mimi namwekea kanzu taratibu, mpira unapita chini ya mtambaa panya kama majani ya mwembe yanavyoanguka.

#16 Mpenzi wa Netiboli

Samahani wadau, mnasema kipa atoke. Si sheria inamkataza golikipa kutoka ndani ya ile nusu duara ya mita 6?

#17 Kipa Mstaafu

#16, hapana. Kipa anaruhusiwa kutoka nje ya eneo lake ilmradi hana mpira mkononi, na akishatoka anahesabiwa mchezaji wa kawaida, sheria zote za uwanjani zinamhusu. Asichoruhusiwa ni kutoka akiwa ameumiliki mpira, au kuuchukua mpira ulioko nje ya eneo akaingia nao ndani. Akiwa ndani anakinga kwa chochote, hata mguu, jambo ambalo wenzake wamekatazwa kuanzia goti kushuka chini. Kwenye penalti ya mita 7 ndipo kuna mpaka: asivuke ule mstari wa mita 4 kabla mpira haujamtoka mrushaji.

Na umfundishe mtoto hili, Mwalimu: akikimbilia nje kukata pasi ya kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza, akagongana na mshambuliaji, lawama ni yake, hata kama mpira ameugusa yeye kwanza. Kadi nyekundu. Nimeona fainali ikipotea kwa namna hiyo.

#18 Mtoto wa Kakamega

Hamjambo wote. Huku Kenya hendiboli ya shule za upili huchezwa muhula wa kwanza, kwa hivyo sisi tumemaliza na nina wakati wa kuandika.

Nimesoma yote na naona mmezunguka jambo moja bila kulitaja. Uoga. Mimi nilikuwa na kipa kama huyo wa Mwalimu. Mazoezini simba, kwenye mechi anapitwa na mipira ya hivi hivi tu. Nikachukua simu, nikamrekodi kwa ile video ya polepole, usoni pake tu. Kila shuti la karibu, macho yalifungwa. Kila moja. Yeye mwenyewe hakujua, alipoona alilia. Mpira wa tenisi haumuumizi mtu, ndiyo sababu anaudaka.

Nilianza upya kabisa. Tulishona mpira wa vitambaa na soksi kuukuu, ukubwa sawa na namba 2, mlaini. Wiki mbili wenzake walimrushia huo kutoka mita 4 na 5, usoni, kifuani, mapajani, kwa nguvu zao zote, na kazi yake ilikuwa moja: macho wazi, ataje idadi ya vidole ambavyo mrushaji ameonyesha kwa mkono wa pili. Kudaka si lazima. Baadaye mpira wa kweli, polepole, halafu kwa nguvu. Hakuwa kipa bora wa kaunti, lakini alimaliza msimu macho wazi.

Niseme ukweli kwa nini jambo hili linaniuma. Nilipokuwa kidato cha pili, shule fulani, kocha alipanga wachezaji wote kumi na wawili mita 7, kila mmoja na mpira, na mimi golini bado sijapasha hata mabega. Wa tatu alinipata jichoni. Sikuona vizuri wiki nzima. Nilirudi golini, lakini kwa miaka miwili nilidaka nikiwa nimegeuza uso.

#19 Nyavu Kavu

Pole sana ndugu #18. Na siku hizi tangu 2021 ukimpiga kipa kichwani ni kadi nyekundu moja kwa moja.

#20 Kipa Mstaafu

#19, si hivyo kabisa. Ile ya penalti ni ya zamani: mrusha penalti akimpiga kipa kichwani, na kipa hakupeleka kichwa kwenye mpira, anatolewa kwa nyekundu. Iliyokuja Julai 2022 ni ya shuti la wazi kwenye mchezo, yaani hakuna beki kati ya mrushaji na kipa. Hapo ni dakika mbili nje. Ila sheria zote mbili ni za mechi. Mazoezini mlinzi wa kipa ni kocha peke yake, na #18 ameeleza anapokosekana inakuwaje.

#21 Mama Viungo

Nafanya kazi ya tiba ya viungo na nimewahudumia makipa kadhaa wa mchezo huu. Mwalimu, kiwanja chenu ni cha nini?

#22 Mwalimu wa Vumbini

Saruji, dada. Na imeanza kumomonyoka upande wa goli la kusini.

#23 Mama Viungo

Nilijua. Basi na mimi naleta sababu yangu, mtaniambia wenyewe kama inafaa.

Shuti la chini linakingwa kwa mguu kuteleza pembeni, ncha ya kiatu imegeuka nje, na mkono wa upande huo unaushukia mguu kama vile unataka kuugusa. Mkono na mguu pamoja, maana mguu peke yake unaacha nafasi juu ya kiatu. Makipa wazuri wanamalizia wamekaa chini, mguu mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa nyuma kama mtu anayeruka kiunzi. Sasa nani atajitupa hivyo kwenye saruji iliyomomonyoka? Mwili una akili yake. Mtoto anajua akishuka atachunika nyonga, kwa hiyo anashuka nusu. Nusu ndiyo goli.

Mambo mawili. Kwanza, alegeze nyonga kila jioni kwa subira: akae chini amefungua miguu, ainame mbele polepole, akae hapo, apumue. Asirukeruke. Wiki nane ndipo ataona tofauti, na mapema kuliko hapo akilazimisha atachana msuli wa paja la ndani. Pili, mtafutie godoro kuukuu au nendeni kwenye mchanga, ajifunze kuanguka mahali pasipoumiza. Suruali ndefu nzito na vilinda magoti si anasa.

Na viwiko! Kipa akinyoosha mkono ukafunga kabisa, mpira unakipiga kiganja na kiwiko kinapinda kinyume. Mara moja si kitu. Mara elfu moja kwa msimu ndiyo yale maumivu ya ndani ya kiwiko ambayo makipa wa mchezo huu wanayajua wenyewe. Mfundishe kukunja kiwiko kidogo tu, na umfanyie mazoezi ya misuli ya mkono wa mbele. Nawasihi makocha, mtoto akisema kiwiko kinamuuma msimwambie avumilie.

#24 Kaskazini Baridi

Nawasalimu kutoka Denmark. Mwanangu wa kike anadakia timu ya watoto hapa, na nimekuwa nikikaa pembeni mwa uwanja jioni nyingi tu, nikiangalia.

Huku wanafuata alichosema #6. Kipa ametulia, hatua fupi, mikono haishuki, anamfanya mrushaji aamue kwanza. Niklas Landin alidaka hivyo, na ana dhahabu za Olimpiki za 2016 na 2024. Kila mtoto hapa anamwiga hata anavyosimama. Wale wa Ulaya ya mashariki, hasa wa zamani, walikuwa wanaruka na kujifungua mikono na miguu yote minne kwa mara moja, kama nyota. Nao walishinda. Andrey Lavrov alichukua dhahabu tatu za Olimpiki, 1988, 1992 na 2000, chini ya bendera tatu tofauti. Kwa hiyo msitafute mtindo mmoja wa kweli.

Kitu ninachokiona tofauti na nyumbani ni mpangilio wa kumpasha kipa. Hakuna anayempiga mwanzo. Wanasimama mita 9, wanarusha wote kona moja ya juu, anajua inakokuja. Halafu kona nyingine ya juu. Halafu usawa wa nyonga, kisha chini. Mrushaji anayefuata harushi mpaka kipa arudi katikati na mikono iwe juu. Kazi ya warushaji dakika hizo ni kumpa kipa mipira anayoweza kuidaka. Kufunga kutakuja baadaye. Niliposoma #18 nimekumbuka tulivyokuwa tunafanya sisi.

#25 Dada wa Mita Tisa

Landin ana mita 2 na sentimita 1, mkuu. Mimi na wewe tukitulia hivyo tutafungwa tumetulia.

#26 Mpenzi wa Netiboli

Yule kipa wa Angola je? Bá, Teresa Almeida. Rio 2016 mwili wake haukufanana na wa kipa yeyote, watu walianza kwa kumshangaa, wakaishia kumshangilia. Angola waliwafunga Romania na Montenegro wakafika robo fainali. Nilikuwa sijui lolote la mchezo huu, ni yeye aliyenileta.

#27 Kipa Mstaafu

Bá! Sasa hapo umenifurahisha. Angalia alivyojipanga, hakuwa na haja ya kuruka, alikuwa ameshafika mahali pake kabla ya shuti. Ndiyo kamba ya #12 hiyo.

#28 Msafiri wa Muscat

Ghuba mchezo huu unapendwa sana. Qatar walifika fainali ya dunia 2015 nyumbani kwao, wakafungwa na Ufaransa 25 kwa 22, na kipa wa Ufaransa Thierry Omeyer akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Kipa, si mfungaji! Huyo alikuwa anawaongelesha mabeki wake muda wote. Mikono miwili inadaka, mdomo unapanga ukuta.

#29 Bomba la Kushoto

#28 umefungua mlango niliokuwa nausubiri. Magoli tisa ya winga, Mwalimu. Mlinzi wako wa pembeni alikuwa wapi? Winga akiruka kutoka kwenye mstari wa mita 6 akiwa ameingia ndani kuelekea katikati, pembe inafunguka na hakuna kipa anayemzuia. Kazi ya mlinzi ni kumlazimisha arukie kule kwenye kona ya uwanja. Na mashuti ya mita 9, wagawane: mabeki wanaruka na mikono kuziba upande mmoja, kipa anachukua mwingine. Wakiziba upande uleule aliosimama kipa, nusu ya goli imeachwa wazi. Mtoto analaumiwa kwa kosa la watu wanne.

#30 Chake Chake Kwetu

Ukuta una kazi yake, kweli. Lakini tisa zote, bwana? Hapana. Kamba kwanza.

#31 Kipa Mstaafu

Nimerudi na zoezi la mwisho, maana Dada #6 bado ananidai jibu la kudanganywa na kiwiko.

Chukueni khanga. Wasichana wawili wanaishika ncha, wanasimama mita 7 hivi mbele ya kipa, khanga imenyooka usawa wa vifua vyao. Mrushaji yuko nyuma yake. Kipa anaona kichwa na mkono unapopanda tu. Hapo anajifunza kuuona mpira kwa kuchelewa na bado afike, kama vile kuna ukuta wa mabeki. Siku inayofuata kinyume chake: hakuna khanga, kipa anamtazama mrushaji mwili mzima, na mpira unapotoka tu mkononi anafumba macho na kutaja kona. Mpira uwe ule wa soksi wa #18, tafadhali. Zoezi la kwanza linamfundisha kusubiri, la pili linamfundisha kusoma. Mimi nilihitaji yote mawili. Dada, ungenionyesha kiwiko ningekisoma, na bado ningesubiri kifundo cha mkono.

#32 Dada wa Mita Tisa

Kaka, tungekutana ningekupiga tobo. Ila khanga nimeipenda.

#33 Mwalimu wa Vumbini

Wakuu, nimepotea wiki mbili, nilikuwa uwanjani. Nawaletea daftari.

Namba 2 imetoka kabatini tangu siku ile. Kamba ya kuanikia tumefunga kila jioni, dakika kumi. Nimemrekodi usoni: macho hafungi kwa mashuti ya mbali, anafunga kwa ya winga tu, wanaporuka karibu naye. Kwa hiyo #18 na #12 wote mmenipa kitu kwenye magoli yaleyale na sijui nigawe vipi. Mpira wa tenisi nimeubakiza dakika tano.

Jumamosi mechi ya pili, timu ileile. Tumefungwa 16. Ya winga manne. Ya chini bado ni saba, na safari hii tobo ni moja. Nilimtazama miguu kama Dada alivyosema: mawili ameondoka mapema kweli, manne amesubiri vizuri, akashuka nusu, mkono haukufuata mguu. Moja beki wangu alimziba macho.

Mama Viungo, godoro la futi tatu limepatikana bwenini, limechakaa lakini nene. Linatosha, au niunganishe mawili? Na alale upande mmoja kwanza mpaka auzoee, au kulia na kushoto siku ileile?

#34 Mama Viungo

Unganisha mawili, funga kwa kamba yasiachane katikati. Pande zote mbili siku ileile, aanzie upande anaouogopa akiwa bado hajachoka. Mara nane kila upande, apumzike, mara nane tena. Bila mpira siku tatu za kwanza.